Jina la Pili la Loveness

Baba mkwe wangu ana jina zuri, fupi, ambalo hata mtoto anaweza kulitamka. Mimi silitaji. Nimekaa kwenye boma lake hapa Basotu miaka ishirini na sita, na kwa Wabarabaig mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe wake, awe na furaha, awe na hasira, awe na homa ya malaria. Hata hapa sitaliandika, kwa hiyo usihangaike kulitafuta.

Mimi mwenyewe si Mbarabaig. Naitwa Tekla, baba yangu ni mzee Akonaay wa Dongobesh, na nimelelewa kwenye mashamba ya vitunguu saumu na kwaya ya kanisa. Yohanes, mume wangu, aliponileta huku, wiki ya kwanza tu nilimkaribisha baba yake chai. "Karibu chai, mzee fulani," nikasema, na hapo kwenye fulani nikaweka jina lenyewe, huku natabasamu, nikidhani naonyesha adabu za kwetu. Mama mkwe aliangusha kibuyu cha maziwa. Mzee alitoka, akaenda kulala kwa ndugu yake siku mbili. Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Tangu siku ile nimekuwa mkali kwa ulimi wangu kuliko wanawake waliozaliwa na desturi hii, hadi dada zangu wa Dongobesh wananicheka.

Shida ilianza nilipozaa. Mtoto wetu wa kwanza tulimbatiza Loveness, na Yohanes alipokwenda kumwandikisha shule akaweka jina la pili la babu yake, akajiruka yeye mwenyewe kana kwamba hakuhusika. Basi mimi, mama mzazi, niliyembeba tumboni na mgongoni, sijawahi kumwita mwanangu kwa jina lake lote. Zahanati, shuleni, benki, kote nilikuwa nasema "Loveness" halafu nanyamaza, namsogezea karani kadi asome mwenyewe. Makarani wengine walidhani sijui kusoma. Niliwaacha wadhani.

Loveness alikuwa mtoto wa babu hasa. Mzee anajulikana pande zote za ziwa la Basotu kwa kutibu ng'ombe. Ndama akikaa vibaya tumboni, anaitwa yeye. Ng'ombe akigoma kula, anaitwa yeye. Na aliyekuwa anamshikia taa na kamba ni Loveness, tangu akiwa na meno ya utoto. Kisha yule mtoto akafaulu, akafaulu tena, akapata ufadhili wa kwenda kusoma Uturuki. Wakati huo mzee alikuwa ameshamtafutia mchumba, kijana wa rafiki yake, mwenye ng'ombe wazuri kweli, siwezi kudanganya. Loveness akachagua Uturuki. Siku ya kuondoka kwake mzee alisema maneno machache tu mbele yetu sote: "Amechukua jina langu anakwenda kulitupa mahali ambapo hakuna anayelijua."

Baada ya hapo hakumtaja tena. Miaka sita. Loveness akipiga simu, mzee ananyanyuka, anachukua fimbo, anakwenda kuangalia ng'ombe, hata kama ametoka kuwaangalia sasa hivi. Ng'ombe wetu hawajawahi kuangaliwa vizuri kama miaka ile. Mimi nilikuwa naumia. Nawapenda wote wawili, na wote wawili ni wakaidi, na sikujua ukaidi wa yupi umetoka kwa nani.

Mwaka huu mwezi wa sita Loveness akamaliza. Udaktari wa mifugo, ndiyo, mifugo. Nilishamwambia mzee mara nyingi kwamba mjukuu wake anasoma ng'ombe, naye alikuwa ananijibu, "Ng'ombe hasomwi." Mahafali yalipangwa Jumatatu, saa tano asubuhi, na saa za Uturuki ni sawasawa na zetu. Loveness akasema yataonekana mubashara kwenye chaneli yake ya mtandaoni, rafiki yake Violeth ndiye atakayeshika simu na kupiga picha. Hapo nikaapa moyoni. Mzee ataiona sura ya mjukuu wake siku hiyo, mara moja tu. Akinyanyuka kwenda kwa ng'ombe baada ya hapo, basi, nitajua nimeshindwa na nitanyamaza maisha yangu yote.

Televisheni tulikuwa nayo, kubwa ya kutosha, ila ilikuwa inaonyesha chaneli tatu, na mojawapo ni chengachenga tupu. Simu yangu mimi ni kitochi, ya vitufe, haijui picha. Ya Yohanes ndiyo ya kisasa, na Yohanes hutembea nayo popote anapokwenda. Loveness akatuma hela kwa Onesphory, fundi mwenye duka la vifaa vya umeme pale senta, naye akaja na kijiti cheusi, urefu wake kidole cha kati, bei yake haifiki ya mbuzi mmoja wa maana. Pamoja nacho akaleta kikasha kidogo cha intaneti chenye laini yake. Akakichomeka kijiti nyuma ya televisheni, akachomeka na waya wa umeme, akakorofishana nacho robo saa, televisheni ikawaka rangi zote.

Nilikuwa nasubiri mitambo. "Ni hiki tu?" nikamuuliza.

"Ni hicho tu, mama. Dunia nzima imo humo."

Akanipa rimoti yake, ndogo, inajaa kiganjani. Ina duara la mishale la kusogea juu, chini na pembeni, ina kitufe cha katikati cha kukubali, na juu kabisa ina kitufe cha sauti. Hicho ukikibonyeza unasema unachotaka, kijiti kinasikiliza, kinakutafutia. Onesphory alitumia mishale. Akaandika jina la Loveness herufi moja moja, la kwanza na la pili, na mara mwanangu akatokea sebuleni kwangu, koti jeupe mwilini, amesimama kwenye zizi la saruji na ng'ombe wenye madoa meusi. Nililia. Zita, mke wa shemeji yangu, tunayeishi naye boma moja, naye akalia, ingawa Zita hulia hata harusini kwa watu asiowajua.

Wiki nzima tulimwangalia Loveness mimi na Zita, tukiandika kwa mishale. Zita aliogopa kidogo mwanzoni. Nikamwambia kuandika si kutaja, kidole si ulimi, na kama kuna mzee atakayepinga aje aniambie mimi. Hakuja mzee yeyote, kwa sababu hatukumwambia yeyote.

Sasa nieleze ujinga wangu. Ile rimoti sikumwamini mtu yeyote kukaa nayo. Nilikuwa napika nayo, nateka maji nayo, nalala nayo chini ya mto. Jumapili jioni, kesho yake ndiyo mahafali, niliingia zizini kukamua nayo ikiwa kifuani, ndani ya kanga. Nikainama. Ikachomoka, ikazama kwenye ndoo ya maziwa, nami nikabaki natazama mapovu yanavyopanda. Niliivua, nikaifuta, nikaikausha jikoni kando ya moto usiku kucha, na huo nao ukawa ujinga wa pili, maana maziwa yaliganda ndani yake. Asubuhi mishale yote minne ilikuwa imegoma kabisa. Kitufe cha katikati kilibonyezeka. Cha sauti kilikuwa kizima.

Na Jumatatu ile ilikuwa siku ya mnada. Wanaume wa boma letu na maboma ya jirani walishaondoka na ng'ombe kabla hakujapambazuka vizuri, Yohanes na simu yake akiwamo. Mama mkwe alikwenda kuuza samli. Watoto walikuwa shuleni. Onesphory siku ya mnada hufunga duka akapange redio na tochi zake chini pale uwanjani. Mzee peke yake alibaki, kwa sababu ya goti, na kwa sababu nilikuwa nimemtega. Nilimwambia kwamba saa tano kuna kipindi cha ng'ombe wa Ulaya.

Alikuja mapema, ameoga. Akaweka kigoda chake karibu na mlango, shuka jipya begani, fimbo katikati ya magoti. Kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa sita, upepo unatoka kwenye mashamba ya ngano na kupita moja kwa moja mifupani. Nikampa chai. Zita akakaa kwenye mkeka. Ilikuwa saa nne na nusu.

Nikabonyeza kitufe cha sauti. "Loveness," nikasema.

Kijiti kikaleta Loveness wote waliopo duniani. Mmoja alikuwa anasuka nywele, mmoja anaimba, mmoja anauza vitenge, mmoja analia kwa sababu ameachwa. Wangu hakuwamo.

"Loveness wa Uturuki," nikasema.

Kikaleta makochi.

"Loveness daktari wa ng'ombe."

Kikaleta mwanaume mwenye ndevu anayeeleza habari za chanjo.

"Ndiyo kipindi chenyewe?" mzee akauliza kwa upole, kama mtu ambaye hakulisikia jina hilo.

"Bado, baba. Kunywa chai."

Zita akanisogelea sikioni. "Hakimjui bila la pili. Ongeza la pili."

"Ongeza wewe."

"Mimi? Kwani huyo si baba mkwe wangu pia?"

Nikatoa kitochi, nikampigia Yohanes, nikaweka sauti ya nje, nikaielekeza kwenye rimoti. Yohanes alipokea baada ya mara tatu. Nikamwambia ataje jina la mtoto, lote, kwa sauti. Alilitaja, masikini, alipiga kelele kabisa, lakini nyuma yake kulikuwa na ng'ombe mia mbili na mtu mwenye kipaza sauti anayeuza dawa ya kupe. Kwenye televisheni yakatokea maneno kwamba hakijaelewa, nijaribu tena. Tukajaribu tena. Safari hii kikaleta matangazo ya dawa ya kupe. Halafu salio likaisha.

Zita akatoka nje mbio kutafuta mtu yeyote mwenye mdomo huru. Alikwenda hadi barabarani. Akarudi anahema, peke yake.

"Hakuna mtu?"

"Yupo Kornelia."

"Kornelia ameolewa ukoo huuhuu!"

"Ndiyo maana nimemwacha."

Saa nne na dakika arobaini. Nikafikiri, nikaona kwamba mdomo huru uko humu humu ndani, umekaa kwenye kigoda, unapuliza chai. Hakuna mtu anayekatazwa kutaja jina lake mwenyewe. Nikasogea, nikapiga magoti kidogo, nikamnyooshea rimoti.

"Baba, naomba utaje jina lako hapa."

Akaitazama ile rimoti, akanitazama mimi. "Nimtajie nani?"

"Hiki kijiti, baba. Kiko nyuma ya televisheni."

"Kinataka kujua jina langu?"

"Ndiyo, baba."

"Kimekaa hapa siku ngapi?"

"Wiki."

Mzee akaweka kikombe chini. "Wiki nzima kinakaa kwenye nyumba ya mwanangu. Hakijanisalimia. Hakijasema kimetoka wapi, wala ni cha ukoo gani. Mgeni ndiye anayejitaja kwanza, mwenye boma anafuata. Kiambie kianze chenyewe."

Zita akakohoa ili asicheke. Mimi sikucheka.

"Baba, hiki si mtu."

"Kama si mtu, kwa nini nijitambulishe kwake?"

 

Hapo hasira zikanipanda. Wanaonijua wanajua kwamba mimi huanza kupata moto masikioni, na moto ukifika shingoni hakuna tena mazungumzo. Nilikasirikia maziwa, nilikasirikia mnada, nilikasirikia Yohanes kwa kujiruka kwenye karatasi ya shule miaka ile. Nilimwona akilini Violeth amenyanyua simu ukumbini, na upande huu hakuna hata jicho moja la nyumbani. Nilimwona mwanangu anatazama ile simu. Nikanyanyua rimoti hadi mdomoni, nikabonyeza.

"Loveness," nikasema, na ulimi ukaondoka wenyewe kulifuata lile la pili.

Zita aliruka kutoka kwenye mkeka. Alinifunika mdomo kwa kiganja kinachonuka samaki, tukapepesuka wote wawili, rimoti ikaanguka chini.

"Mama Loveness! Umerogwa?"

Sikurogwa. Nilipogeuka mzee alikuwa amesimama, na alikuwa ameona kila kitu. Nikangoja achukue fimbo aende kwa ndugu yake siku mbili.

"Ulikuwa unataka kulitaja," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Kwa ajili ya kipindi cha ng'ombe?"

"Hakuna kipindi cha ng'ombe. Nilikudanganya, nisamehe. Namtafuta Loveness. Leo anavishwa joho, amekuwa daktari wa ng'ombe. Yuko humo ndani saa hizi, na hapatikani bila jina lako."

"Kwa nini langu?"

"Ndilo analotumia."

"Huko?"

"Huko, baba. Limeandikwa kwenye vyeti vyake, limeshonwa kwenye koti lake. Waturuki wote wanamwita hilo." Nikajigusa kifuani. "Mimi peke yangu ndiye siwezi. Miaka ishirini na tano sijamwita mwanangu jina lake lote."

Mzee akakaa polepole. Akaitazama televisheni, ambako yule mwenye ndevu alikuwa bado anasubiri na chanjo yake.

"Nilidhani amelitupa," akasema.

"Hajalitupa."

Akanyoosha mkono. Nikaokota rimoti, nikaifuta kwenye kanga, nikampa. Aliishika kwa mikono miwili, akasafisha koo, nami nikambonyezea kitufe. Basi mzee akajitambulisha. Alijitambulisha kama anavyojitambulisha kwenye mkutano wa wazee: jina lake, la baba yake, la babu yake, ukoo, alama ya ng'ombe wao, na mahali wanaponywea maji kiangazi. Ilipendeza sana. Kijiti kilisikiliza kikachoka. Kwenye kioo yakatokea maneno kwamba hakuna kilichopatikana.

"Kimesemaje?"

"Kimesema hakuna, baba."

Aliumia, niliona. "Hakinijui."

"Yamekuwa mengi. Kinataka majina mawili tu. Kinataka Loveness, halafu lako."

Mzee akaigeuza rimoti mikononi. Nilidhani hajanisikia vizuri, nikataka kurudia, halafu nikaelewa. Mimi nilikuwa siwezi kutaja la pili. Yeye, miaka sita, hakuwa amelitaja la kwanza. La kwangu lilikatazwa na desturi, la kwake alijikataza mwenyewe, na nadhani la kwake lilikuwa zito zaidi, maana hakuwa na wa kumsingizia.

"Sema wewe la kwanza," akasema hatimaye, bila kunitazama. "Mimi nitasema la pili."

Tukakaa pamoja, mimi chini, yeye kwenye kigoda, rimoti katikati yetu. Sijawahi kukaa karibu na baba mkwe wangu namna ile. Nikabonyeza.

"Loveness," nikasema.

Mzee akasubiri. Kwao mtu akimaliza kusema unaacha nafasi kidogo ndipo unajibu, ni heshima. Kijiti hakikuijua heshima hiyo, kikafunga sikio, kikaleta wasusi na waimbaji wote upya.

"Kina haraka, baba. Unifuate hapohapo."

"Hakikulelewa," akasema.

Nikabonyeza tena. "Loveness," nikasema, na kabla sijafunga mdomo, jina lake likafuata juu ya langu, kavu, zito, la mtu anayeita ng'ombe wake mwenyewe. Ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina la mwanangu lote likitoka upande wangu. Zita akaanza kulia mapema, kazi yake.

Akatokea. Chaneli yake, picha yake, na juu ya picha alama nyekundu ya mubashara. Nikabonyeza kitufe cha katikati kwa kidole gumba hadi kikauma.

Ulikuwa ukumbi mkubwa, watu wengi wa majoho na kofia bapa, na simu ya Violeth inatikisika. Saa tano na dakika tisa. Mzee akasogeza kigoda mbele. Akasogeza tena.

"Yuko wapi?"

"Simwoni bado."

"Wote wamevaa sawa. Mtu unamtambuaje ndama wako hapo?"

Mbele alisimama mwanaume mwenye karatasi, anaita. Aliita majina ya Kituruki, marefu, moja baada ya jingine, na kila aliyeitwa alipanda jukwaani kupewa mkono. Mzee alisikiliza kwa makini. Akasema majina ya watu hawa yana kona nyingi. Kisha yule mwanaume akasogeza karatasi karibu na macho. "Loveness," akaita. Na hakunyamaza kama ninavyonyamaza mimi. Akaendelea, akaliita na la pili, wazi, kwa kipaza sauti, mbele ya ukumbi mzima.

Mzee akasimama. Lile goti ambalo limemzuia kwenda mnadani lilinyooka lenyewe. Alisimama wima, fimbo mkononi, shuka likamdondoka begani, na akaitika. "Naam!" Aliitika kwa sauti ya mtu aliyeitwa na baba yake kutoka ng'ambo ya malisho. Kuku wakakimbia kutoka mlangoni. Nyumba ya Kornelia iko mbali, na Kornelia anasema alisikia.

Loveness akapanda jukwaani. Amenenepa kidogo, amependeza, anatembea kama babu yake, visigino kwanza. Mzee hakukaa. Alisimama hadi mtoto alipopewa mkono, alipopewa karatasi, aliposhuka ngazi ya mwisho. Ndipo akaokota shuka lake.

"Wamelitamka vizuri," akasema. "Hawakulikosea hata kidogo."

Nilitoka nje nikalilie kando ya tanki la maji, kwa sababu mimi si Zita, sipendi kulia mbele za watu.

Saa kumi jioni Loveness alipiga simu. Mzee alikuwa amekaa uani, ng'ombe ndio wanaingia kutoka malishoni, kwa hiyo safari hii alikuwa na sababu halali kabisa ya kunyanyuka. Nikaipokea nikiwa namtazama. Hakunyanyuka. Akanyoosha mkono.

"Lete."

Nikasikia kwa mbali sauti ya mwanangu ikisema shikamoo babu, kwa woga.

"Marahaba," mzee akasema. Akakaa kimya muda mrefu, nafasi ya heshima na zaidi. Kisha akasema, "Yule mwekundu, mtoto wa yule uliyenishikia taa. Amevimba chini ya sikio tangu juzi, na macho yanatoka machozi. Wewe unasemaje?"

Walibishana kuhusu huyo ng'ombe mpaka jua likazama. Loveness alitaja dawa, mzee akaikataa, akataja mizizi, Loveness akamuuliza maswali, mzee akakasirika, akajibu, akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko kile miaka sita. Aliponirudishia kitochi kilikuwa cha moto kama kiazi. Kesho yake alimtuma Yohanes akanunue ile dawa.

"Anajua kidogo," akaniambia. Kwa mzee huyu, kujua kidogo ni cheo kikubwa kuliko joho.

Loveness anarudi mwezi wa kumi na mbili. Kwa sasa anafanya kazi hukohuko kwenye zizi la chuo, na kila wiki anaweka video mpya ya ng'ombe. Kila Jumapili nikitoka kanisani namkuta mzee ameshafika na kigoda chake, ameoga. Tunakaa, nabonyeza, naanza mimi, anafuata yeye, na siku hizi hatukosei hata mara moja. Akishamaliza kutaja hukaa kidogo amekiangalia kioo, akingoja mjukuu aitike.

Onesphory alileta rimoti mpya Alhamisi ya wiki ileile. Mishale yake yote inafanya kazi, nimeijaribu. Nilimshukuru, nikamkaribisha chai na mayai, na alipoondoka nikaitia ndani ya soksi, soksi nikaiweka chini kabisa ya sanduku la nguo. Zita peke yake ndiye anayejua, na Zita ameapa. Mzee huniuliza mara mojamoja kama mishale imepona. Namwambia bado, baba, yale maziwa yameganda vibaya sana.